Swali Langu la Adabu kwa Waziri

Jumatano, 30 Aprili

Nimefungua mapema. Nimefagia nywele za jana, nimewasha runinga, nimeweka kituo cha Bunge kabla hajaingia mtu wa kudai mpira. Jumatano asubuhi ni yangu. Wateja wanajua. Wengine huvuka barabara kwenda kwa kinyozi mwenye muziki wa kupasua masikio. Waende salama.

Kijana mmoja kwenye kiti: "Buda, hii series imefika episode ya ngapi?" Nikamwambia atulie, wembe uko shingoni.

Siwezi kumweleza. Waziri ni mtu ambaye barabarani hupita na king'ora, sisi tunarukia mitaroni kama kuku. Lakini Jumatano anasimama mbele ya wabunge, karatasi mkononi, na mtu aliyepigiwa kura na watu kama mimi anamwambia: jibu. Naye anajibu. Kila sentensi anaianza na "Mheshimiwa Spika", kama mtoto aliyefunzwa kunawa kabla ya kula. Nywele hunisimama. Yaani zingesimama ningekuwa nazo. Kinyozi mwenye kipara, ndiye mimi.

Leo nimesisimka hadi nikamchora mteja laini mbili kichwani alipotaka moja. Amesema ni staili mpya. Mungu ambariki.

Mzee Abdi alikuwa kwenye benchi kama kawaida. Hanyolewi siku hizi, anakaa tu. Kesho ana safari ya hospitali ng'ambo ya mji, kusafishwa damu. Jumatatu na Alhamisi, kila wiki, tangu figo zilipomsaliti. Nilitaka kujua hali yake. Nikamuuliza kama barabara siku hizi ina msongamano. Ndivyo nilivyo. Akajibu barabara ni barabara.

Halafu akaniuliza, macho kwenye runinga: "Baba Nekesa, hao waheshimiwa, maswali huyatoa wapi?"

Miaka yote hii natazama. Sijawahi kujiuliza.

Ijumaa, 2 Mei

Nimejua. Mteja mmoja anafanya kazi katika ofisi ya mbunge wetu. Anasema mengine huyatoa kwa wananchi. Mwananchi anaandika, mbunge anaona linafaa, anapeleka kwa Spika, Spika akikubali Waziri anaitwa.

Nimerudia kumuuliza. Mwananchi yeyote? Yeyote. Hata kinyozi? Akacheka. Hata kinyozi.

Nimemwambia Mzee Abdi. Hakucheka. Alinishika mkono, akanitoa nje, tukaenda hadi hospitali iliyo nyuma ya soko. Akatembea kwa kusimama-simama. Akanionyesha dirisha. Ndani kuna mashine za kusafishia damu, mpya, kila moja imefunikwa nailoni, vumbi juu yake. Nesi anayemfahamu alitupa sababu: mashine hizi hunywa maji mengi, tena maji yaliyochujwa mpaka yakawa safi kabisa, na mtambo wa kuchuja haukuja. Mashine zililetwa, maji yakasahauliwa.

Kutoka hapo hadi kitandani kwa Mzee Abdi ni mwendo wa mtu kwenda kununua mkate. Na bado kila Jumatatu na Alhamisi anavuka mji mzima, anarudi jua limezama, amekauka kama kitambaa kilichokamuliwa.

Nimeona aibu kwa niaba ya nailoni.

Jumapili, 4 Mei

Tumeandika swali. Nyumbani kwa Mzee, chai ya iliki, mkewe Mama Hodan akitusikiliza kutoka jikoni.

Mzee alitaka hivi: Mashine zimekaa chini ya nailoni, maji hakuna, kwa nini?

Mimi nikaona ni ukali. Waziri ni mtu mzima. Ana jina, ana watoto wanaomtazama kwenye runinga. Utamwambiaje mbele ya nchi nzima kwamba mashine zake zimelala? Ukienda kwa watu ukakuta mchuzi hauna chumvi, husemi mchuzi ni mbovu. Unauliza, "Chumvi iko?" Mwenyeji anaelewa, anaileta, hakuna aliyeaibika. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Nikaandika: Je, Waziri wa Afya anaweza kueleza ni lini wagonjwa wa figo wa mitaa yetu watapata mashine za kusafisha damu karibu na nyumbani?

Laini. Tamu. Waziri ataulizia, ataambiwa zipo lakini hazifanyi kazi, ataona haya, ataleta mtambo wa maji kimyakimya. Mpango wangu kamili.

Mzee alisoma. Akasema, "Wewe, ukiona nyumba ya jirani inaungua, utamuuliza kama anahisi joto."

Lakini akakubali. Mimi ndiye mtaalamu wa Bunge, ati.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepeleka swali ofisini kwa Mheshimiwa. Nilivaa tai. Msichana wa mapokezi alidhani nauza bima.

Mvua tangu Alhamisi. Alhamisi hiyo maji yalifunga barabara, Mzee Abdi akarudi nyumbani bila kusafishwa. Leo amekwenda. Miguu imevimba, viatu haviingii, amevaa sandali za Mama Hodan. Nimeziona, nikazungumzia mvua.

Alhamisi, 22 Mei

Limekubaliwa!

Yule mteja wa ofisini amekuja kunyolewa makusudi anipe habari. Swali limepita kwa Spika. Limepewa nambari. Waziri atakuja Jumatano ya tarehe nne mwezi ujao. Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

Sentensi niliyoiandika juu ya goti langu, karibu na kikombe cha chai, imepita mikononi mwa watu wenye suti. Itatoka kinywani mwa mbunge. Mtu mwenye king'ora atalazimika kuijibu. Nimejitazama kwenye kioo changu mwenyewe kwa muda mrefu. Kipara kilekile.

Mke wangu Rosa amesema nisivimbe kichwa, mlango wa jikoni ni mwembamba.

Nilimpelekea Mzee habari jioni. Alikuwa amelala, ameelekea ukuta, ndiyo kwanza ametoka huko. Aliinua kidole gumba bila kugeuka. Mama Hodan alinisindikiza hadi nje. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amechoka na safari kuliko ugonjwa. Kwamba juzi alisema angeacha kwenda.

Kuacha kwenda ni kufa. Kila mtu anajua. Yeye anajua zaidi.

Jumanne, 3 Juni

Kesho. Tumepata nafasi mbili Bungeni, kukaa juu kwa wageni. Mzee alirudi jana akiwa dhaifu, Mama Hodan alimkataza, yeye akamwambia amemaliza kukatazwa na figo. Tunakwenda.

Rosa amepiga pasi shati langu mara mbili. Nimejinyoa hata pasipo na kitu.

Jumatano, 4 Juni

Niandike yote kabla hayajapoa.

Simu tuliacha mlangoni. Askari wa Bunge alitupa masharti: hakuna kuongea, hakuna kupiga makofi, hakuna kupunga mkono, hakuna kusimama mpaka uambiwe. Tukakaa juu, tukatazama chini.

Runinga ni mwongo. Haionyeshi ukubwa wa kile kimya. Lile rungu la Bunge, la rangi ya dhahabu, lilipoingizwa, wote waliinuka, wakubwa wanene ninaowajua kwa mabango, wakasimama kama darasa. Mbunge akitoka anageuka mlangoni na kuinama. Mtu ambaye kwenye mkutano wa hadhara hainamii hata uzee. Mzee Abdi alikuwa na mdomo wazi. Sikumcheka, wangu pia ulikuwa wazi.

Spika akasema anawatambua wageni waliokaa juu. Nikasimama. Nikatabasamu. Nikainamisha kichwa upande huu na ule. Kumbe anawakaribisha wanafunzi wa shule fulani, waliokuwa nyuma yangu. Mzee alinivuta koti nikakaa. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mvua.

Waziri akaingia. Mfupi kuliko nilivyodhani. Nyuma yake maofisa wenye mafaili.

Swali letu. Mheshimiwa wetu akalisoma, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nikayatamka naye midomo ikiwa imefungwa. Hapa duniani nimewahi kuona mtoto wangu akizaliwa, na nimeona hili.

Waziri akasimama. Akasema, naye kwa Kiswahili: Mheshimiwa Spika, nafurahi kuliarifu Bunge kwamba mashine hizo zilishafikishwa katika hospitali ya mitaa hiyo. Picha hizi hapa. Akainua picha. Mashine zinang'aa. Nailoni ilikuwa imeondolewa kwa ajili ya picha.

Wabunge wakagonga meza kushangilia. Mmoja akamcheka Mheshimiwa wetu: "Hajui hata hospitali yake!" Mheshimiwa akawa mdogo. Spika akamuuliza kama ana swali la nyongeza. Akasema anashukuru kwa jibu. Akakaa.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa imeisha. Niliuliza kama zitakuja, nikajibiwa zimekuja. Waziri hakusema uongo hata herufi moja. Nilimfungulia mlango mwenyewe, nikamtandikia na mkeka. Chumvi iko? Iko, asante, kula tu.

Mzee Abdi akaanza kuinuka. Nilimwona akishika ukingo wa kiti. Angesema. Angetolewa na askari, kwa miguu ile iliyovimba. Zamu yangu nikamvuta koti. Alinitazama. Sitaki kuandika jinsi alivyonitazama.

Spika alikuwa ameshafungua mdomo kwenda kwa swali linalofuata. Mwanamke mmoja akaomba nafasi. Mbunge wa kutoka kaskazini, ushungi wa kijani, mtu mzima, upande wa pili kabisa na Mheshimiwa wetu. Simjui. Hanijui. Hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa Spika, mimi hospitali hiyo sijawahi kuiona. Nina swali dogo. Mgonjwa wa mwisho kuwekwa kwenye mashine hizo aliwekwa lini?"

Basi, hilo tu.

Waziri akafungua faili. Akafunga. Akageuka nyuma, maofisa wakapitisha kikaratasi. Akakisoma. Akaanza kusema kwamba afya ni jukumu la serikali za kaunti, akachovya na Kiingereza katikati, wabunge wakapiga kelele, maana sheria yao ni lugha uliyoanza nayo umalize nayo. (Mimi na Sheng yangu ningefukuzwa kwenye salamu.) Akarudi kwenye Kiswahili. Bado hakuwa na mgonjwa.

Spika akamtazama juu ya miwani. "Waziri. Zinafanya kazi au hazifanyi?"

"Hazijaanza, Mheshimiwa Spika."

"Kwa nini?"

"Ni suala la maji, Mheshimiwa Spika."

Lilisemwa. Ndani ya ukumbi ule, mbele ya lile rungu, likaandikwa na wanaoandika. Maji. Neno la Mzee Abdi, lile nililolifuta kwa adabu.

Yule mama akaongeza kwamba kwao mashine kama hiyo ilikaa mpaka wahudumu wakaigeuza meza ya chai. Hakuna aliyecheka. Spika akaamuru Waziri arudi baada ya wiki mbili, si na picha, bali na mtambo wa maji.

Nilitaka kupiga makofi hadi viganja vichubuke. Nikavibana kati ya magoti. Mzee Abdi alikuwa amevibana vyake vilevile.

Kwenye ngazi nilimwomba msamaha. Akasema, "Nyamaza, kinyozi. Nimeona mtu akiulizwa." Akapumzika. "Umeona alivyouliza?"

Nimeona.

Alhamisi, 5 Juni

Mtaa mzima umejua nilisimama kusalimiwa badala ya wanafunzi. Mzee amewahadithia kabla ya kwenda hospitalini. Kila anayeingia ananiinamia upande huu na ule. Nimestahili.

Siwezi kuacha kulifikiria lile swali. Maneno machache, mwanya hamna. Mimi nilimpa Waziri nyumba yenye milango mitatu.

Jumatano, 18 Juni

Kibanda kilijaa. Hakuna aliyetaka mpira. Hata kinyozi jirani alizima muziki wake akaja kusimama mlangoni.

Mzee Abdi hakuwepo. Amelazwa tangu juzi, hukohuko ng'ambo, maji yameingia kifuani. Mama Hodan yuko naye. Anasema alikataa safari ya Jumatatu mpaka pumzi ikamkataa yeye.

Waziri alirudi kweli. Mtambo umenunuliwa, uko njiani, mafundi watafunga. Yule mama wa ushungi wa kijani akasimama tena. Sikuamini. Nilidhani alishatusahau. "Mheshimiwa Spika, mgonjwa wa kwanza atawekwa lini?" Waziri akataja wiki ya pili ya Julai. Spika akaipeleka ahadi kwa kamati inayofuatilia ahadi za serikali. Kumbe wana kamati ya hiyo. Watu wazima wanalipwa kukumbusha watu wazima wengine walichosema. Nilishangaa hadi nikacheka peke yangu.

Mteja niliyemwacha nusu ya kichwa alikohoa kwa heshima.

Wiki ya pili ya Julai. Mzee afike tu.

Jumatatu, 30 Juni

Mzee ameshatoka wodini. Amekonda, amebaki macho na ndevu. Nimepita hospitali ya nyuma ya soko. Kuna mafundi wawili, mabomba ya bluu ukutani, tangi. Nailoni bado. Niliwapa mafundi soda. Walidhani mimi ni wa kamati.

Alhamisi, 10 Julai

Baridi ya Julai. Wateja wachache, kofia nyingi.

Asubuhi Mzee Abdi na Mama Hodan walipita mbele ya kibanda kwa miguu, polepole, wakielekea sokoni. Nyuma ya soko. Nilipunga mkono. Sikuwafuata. Nilinyoa waliokuja. Nikaweka mpira bila kuombwa, watu wakaniuliza kama naumwa.

Baada ya saa sita mchana mlango ulisukumwa. Mzee Abdi. Bandeji mkononi, pindo la shati nje. Siku ya Alhamisi, amesimama kwenye kibanda changu. Alhamisi zote tangu mwaka uliopita, hapa kibandani nimemwona kesho yake tu, akiwa kwenye benchi.

Hakuenda kwenye benchi. Alikaa kwenye kiti, akavua kofia. Ndevu zimefika kifuani. Hina imebaki kwenye ncha tu. Nikamfunga kitambaa shingoni.

Nikafungua mdomo kumuuliza habari za barabara. Nikaufunga. Hakukuwa na barabara.

"Mzee," nikasema, "unajisikiaje?"

Sijawahi kumuuliza. Alinitazama kwenye kioo, si kama siku ile nilipomvuta koti. Akafikiria, kama mtu anayeheshimu swali.

"Nimechoka," akasema. "Lakini ona, bado ni mchana."

Nikapunguza sauti ya mpira. Nikaanza na shavu la kushoto. Kabla sijafika kidevuni alikuwa amelala. Nikamalizia taratibu, na waliokuwa kwenye foleni wakangoja.